BUNDUKI YA MWANANCHI IWE IPI?

Siku hizi katika mikutano ya matawi yetu wakulima na wafugaji wanauliza ni bunduki gani imfaayo mtu wa kawaida kuiweka nyumbani, kwa kulinda mji wake na kwa siku ya dharura. Hatuwalaumu hata kidogo. Mtu aliyevunjiwa mlango usiku, au aliyeamka akakuta nguruwe mwitu wamemaliza mihogo ya mwaka mzima, hawezi kuambiwa avumilie tu. Lakini baadhi ya majibu ya swali hili yamekwisha kununuliwa kwa siri na kufichwa chini ya vitanda, na hapo ndipo penye hatari. Kwa hiyo twaona yatupasa kusema wazi.

Kwanza tuondoe haya. Si aibu kwa mwananchi mwenye leseni kumiliki bunduki, na wale waliotufundisha kwamba silaha haimfai Mwafrika walikuwa na sababu zao. Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba mjini Brussels. Mkataba ule ulisema biashara ya watumwa ikomeshwe, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini humo humo wakaandika kwamba bunduki za kisasa zisiingizwe katika nchi za Afrika zilizo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Kilichoachiwa mlango kidogo kilikuwa gumegume, bunduki ya kupigwa kwa jiwe, yenye mtutu mlaini usio na mikato ndani, pamoja na baruti ya hafifu. Miaka 15 baadaye wazee wetu wa Maji Maji waliivamia boma ya Mahenge wakiwa na mikuki na magobore, wakakutana na bombomu za Wajerumani. Waliokuwa na bombomu walitoka katika mataifa yale yale yaliyotia sahihi mkataba.

Na jirani zetu wa Kenya hawajasahau. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952, mlowezi alikula chakula chake cha usiku bastola ikiwa mezani kando ya sahani, na hakuna aliyemuuliza. Mwafrika aliyekutwa na bastola aliweza kunyongwa kwa kosa hilo peke yake. Dedan Kimathi alinyongwa Februari 1957, na shitaka lililompeleka kitanzini lilikuwa kukutwa na bastola. Mafundi wa msituni walikuwa wakiunda bunduki kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Twawaheshimu kwa hilo.

Lakini wapo vijana wanaoichukua historia hii na kuifanya leseni ya kutokuwa na leseni. Wanasema: wakoloni walitunyima, basi sasa kila mtu ajinunulie apendavyo. Hapo hatukubaliani nao. Amri ya 1890 iliandikwa na wageni kwa faida ya wageni. Sheria ya silaha na risasi ya 2015 ilipitishwa na Bunge la Jamhuri ya Muungano, ambalo wabunge wake tunawachagua sisi na twaweza kuwaondoa. Anayeiona mbaya aseme ibadilishwe. Kuikwepa kwa kununua gobore la magendo si mapinduzi.

Na tukifika kwenye gobore lenyewe, tuseme kweli yake. Gobore la leo linafuliwa vichakani kwa bomba la maji, chuma ambacho hakikutengenezwa kuvumilia nguvu ya baruti. Mwenyewe hushindilia baruti kwa kukisia, na kila mara anayoongeza kidogo anacheza kamari na mkono wake na jicho lake. Likifyatuka mara moja, inabidi kuanza tena: baruti, kitambaa, vipande vya chuma, kushindilia, fataki. Usiku, mikono ikitetemeka, hiyo ni kazi ndefu, na mvua ikinyesha huenda lisilie kabisa. Halina namba, halina leseni, na likikamatwa mwenyewe huhesabiwa pamoja na majangili hata kama hajawahi kuua digidigi. Serikali imetoa msamaha mara kadhaa kwa wanaosalimisha silaha kama hizi kwa hiari. Mwanachama mwenye gobore la siri asiuache msamaha wa namna hiyo umpite.

Wengine hutazama upande wa pili kabisa, wakatamani bunduki za kivita zinazojikoki zenyewe na kumwaga risasi. Jibu lake ni fupi. Mkataba wa Nairobi wa 2004, ambao nchi yetu ni mmoja wa waliotia sahihi, umekataa silaha hizo zisiwe mikononi mwa raia. Nasi twaona ni haki. Mkulima anayesema anataka bunduki ya kivita kwa ajili ya nguruwe anatudanganya, au anajidanganya.

Basi ni ipi? Sisi tunasema ile nyepesi kuelewa kuliko zote. Chukueni mfano wa ile 303 waliyoibeba wazee wetu wa Keya mpaka Burma. Jeshi la Waingereza lilianza kuitumia 1895, ikapigana vita vikuu viwili, na sababu ya kudumu kwake si uzuri wa sura. Mtu huinua kipini, akavuta nyuma, ganda likaruka nje, akasukuma mbele, risasi nyingine ikaingia. Ukiifungua waona kwa macho kama imo risasi au haimo, na gizani waweza kujua kwa kidole. Mchanga ukiingia, kitambaa na mafuta kidogo vinatosha. Hatumwambii mtu akatafute 303 ya babu yake. Twasema raifoli yoyote atakayoombea leseni iwe ya namna hiyo, ya kukokwa kwa mkono. Na kabla ya kulipa hata senti moja aulize: risasi zake zinauzwa wapi, kwa bei gani, na yupo fundi mwenye kibali wa kuitengeneza? Bunduki ambayo risasi zake hazipatikani dukani ni rungu la bei ghali.

Lakini raifoli si ya kila mahali, na hapa wengi hawafikiri. Risasi ya raifoli kubwa yaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili. Anayeishi porini, mwenye ng'ombe na fisi, shamba lake likiwa mbali na watu, raifoli itamfaa. Anayeishi kijijini, nyumba ikitazamana na nyumba, kuta za udongo na paa za bati, akifyatua raifoli mlangoni kwake hajui risasi itaishia kitandani kwa nani. Huyo, kama ni lazima awe na silaha, afadhali achague bunduki ya marisau yenye mtutu mmoja au miwili, ile inayokunjuliwa katikati. Marisau madogo hupungua nguvu mapema, na bunduki yenyewe ikishakunjuliwa kila mtu aliyepo chumbani anaona kwamba haiwezi kulia. Kwa nguruwe na nyani shambani inatosha. Kwa mwizi, mara nyingi mlio wake tu unatosha, na sheria haimruhusu mtu kuua kwa sababu ya kuku.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, kwa maana mazungumzo ya bunduki hupenda kuishia mlangoni. Bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya mwizi yaweza kukaa miaka 10 bila kumwona mwizi hata mmoja, bali magomvi ya mume na mke, na pombe ya mwisho wa juma, na mtoto mdadisi, huviona kila mwezi. Marekani ina bunduki nyingi kuliko watu; hesabu zilizotolewa 2018 zilikuwa bunduki za raia 120 kwa kila watu 100. Zaidi ya nusu ya watu wanaokufa kwa bunduki huko hujiua wenyewe. Waswisi nao, ambao kwa desturi askari wao wa akiba hukaa na raifoli ya jeshi nyumbani, waliamua 2007 kwamba risasi za jeshi zisikae tena majumbani. Wamebaki na bunduki, risasi zikarudishwa ghalani. Hatuoni kwamba wamekuwa wanyonge kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo mwenye leseni aweke bunduki ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa misumari ukutani, na risasi ndani ya sanduku jingine lenye ufunguo wake, na funguo azichukue yeye mwenyewe, asimwachie shemeji wala mfanyakazi. Na mlevi asiombe leseni. Tunajua maneno haya yatawaudhi baadhi ya wanachama wetu wenye vyeo. Mke akisema hataki bunduki nyumbani kwa kuwa anamjua mumewe, asikilizwe, naye polisi amuulize kabla ya kumuuliza balozi wa nyumba kumi.

Na ile siku ya dharura? Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote mpaka mto Kagera ni yake. Daraja la Kyaka likavunjwa. Bunduki ya mtu mmoja, hata ikiwa safi namna gani, ingefanya nini mbele ya vifaru? Waliowatoa wavamizi ni jeshi letu pamoja na maelfu ya mgambo walioitwa kutoka mikoa yote, watu wa jembe waliokuwa wamekwisha kujifunza kwato na kulenga kwa sababu Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha sema kwamba ulinzi ni kazi ya umma. Walipewa silaha za taifa, wakaamriwa kwa nidhamu ya taifa, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Anayetaka kujiandaa kwa siku kama ile aende mafunzo ya mgambo. Na nyumbani aweke maji, chakula cha miezi, taa, na ajue njia ya kuwatoa wazee na watoto.

Kwa wezi pia tuna mfano wetu. Sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980, silaha zao zilikuwa pinde na mishale, na nguvu yao ilikuwa yowe: likipigwa kijiji kimoja, kijiji cha pili kinalipokea, na wezi wa ng'ombe wanakuta njia zote zina watu. Hatuwasifu kwa kila jambo. Wapo waliopiga watu bila ushahidi, na vikongwe walioteswa kwa kuitwa wachawi. Hayo yalikuwa maovu. Lakini mfugaji mwenye raifoli na asiye na jirani wa kuitika yowe yu peke yake, na wezi hawaji mmoja.

Yamebaki maneno yetu kwa wakubwa. Mkulima akitaka kufuata sheria husafiri mpaka wilayani, akaambiwa arudi, akarudi, akaambiwa mkubwa hayupo, nauli ikala bei ya gunia la mahindi. Mfanyabiashara wa mjini, mwenye gari na simu ya mkubwa, anaipata leseni bila kusota. Halafu tunashangaa kwamba gobore linafuliwa kichakani! Twataka polisi wa silaha wafike kwenye kata kwa siku inayojulikana, ada iandikwe ubaoni watu waione, na kila anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Twataka pia vijiji vinavyopakana na mapori vipelekewe askari wa wanyamapori wa kutosha kabla mihogo haijaliwa. Madiwani na wabunge wetu walichukue jambo hili kwenye vikao vya bajeti, na majibu watakayoletewa tutayachapa katika ukurasa huu huu.