Gavana Coryndon na Msitu wa Lembus

Reli ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret ilipojengwa, katika miaka ya kwanza ya 1920, mafundi walilazimika kuipandisha mpaka Timboroa, mahali palipoinuka kiasi cha futi 9,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo baridi ni kali na viazi hustawi, na mvua inyeshayo hugawanyika: maji ya upande mmoja hushuka kwenda Ziwa Victoria, na ya upande wa pili huteremka Bonde la Ufa kwenda Ziwa Baringo. Kutoka pande hizo kuelekea Eldama Ravine umeenea msitu wa Lembus, wenye podo, mianzi, na mierezi ambayo Wakalenjin huiita tarakwet. Ashikaye msitu huo ameshika mlango wa maji ya watu wengi walio mbali naye. Ndiyo sababu ubishi juu yake ulianza zamani sana, na ndani ya ubishi huo limebaki jina la gavana mmoja, Sir Robert Coryndon.

Bwana huyo alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1870, na katika ujana wake alikuwa mtumishi wa Cecil Rhodes. Tangu mwaka 1907 alikuwa Kamishna Mkazi wa Swaziland, nayo ilikuwa zamu ya kugawanywa kwa nchi ile: kiasi cha theluthi mbili za ardhi zikawa za Wazungu, na theluthi moja tu ikaachiwa wenyeji. Baadaye alipelekwa Basutoland, kisha akawa Gavana wa Uganda mwaka 1918, na mwaka 1922 akaja Kenya. Mtu mwenye historia ya namna hiyo hakutazamiwa kuwa mtetezi wa ardhi ya Waafrika, wala walowezi hawakuwa na sababu ya kumwogopa.

Aliikuta Kenya katika fitina kubwa. Walowezi wa Kizungu na Wahindi walikuwa wakigombania uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria na ununuzi wa ardhi ya nyanda za juu. Mwaka 1923 ugomvi ulipelekwa London, na Gavana akaenda huko pamoja na wajumbe wa walowezi. Mwezi wa Julai mwaka huo Serikali ya Uingereza ilitoa tamko kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika, na kwamba faida ya Mwafrika ndiyo itangulie faida ya mgeni yeyote. Wagomvi walikuwa wawili, na hukumu ikamtaja wa tatu ambaye hakualikwa barazani. Mwaka uliofuata, 1924, ilipitishwa sheria iliyoanzisha Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya, kila moja chini ya uenyekiti wa Mkuu wa Wilaya. Uwezo wa mabaraza hayo ulikuwa mdogo, lakini yaliwazoeza watu wengi kusema mbele ya Serikali na kuona maneno yao yakiandikwa.

Huku Lembus mambo yalikuwa yameharibika tangu mwanzo. Mwaka 1904 Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape mpaka Cairo, pamoja na mwenzake Lingham, waliahidiwa haki ya kukata mbao katika msitu huo, na mkataba wenyewe ukatiwa sahihi mwaka 1916. Waliotia sahihi walikuwa ni Serikali na wafanya biashara. Watugen waliokuwa wakilisha ng'ombe katika mbuga za ndani ya msitu na kutundika mizinga juu ya miti hawakuulizwa. Kwa muda wa usiku mmoja wa kalamu, mtu aliyezaliwa Lembus aliweza kuitwa mvamizi katika boma la babake.

Basi mwaka 1923 Gavana Coryndon alitoa maelezo ya kupambanua haki za wenyeji ndani ya eneo la mkataba. Maelezo hayo yakaitwa kwa jina lake, Ufafanuzi wa Coryndon. Hayakuuvunja mkataba wa Grogan. Misumeno iliendelea kufanya kazi. Hayakuwapa Watugen hati ya ardhi. Lakini yalikubali jambo moja ambalo mkataba haukulieleza wazi, yaani kwamba msitu ulikuwa na watu, na kwamba watu hao walikuwa na haki ya kuendelea kuutumia. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Tangu siku ile, wenyeji wa Lembus walikuwa na daftari.

Ni kweli kwamba daftari hilo lilikuwa na kasoro. Mwandishi wake alitaja haki, lakini hakumaliza swali la nani hasa ni mwenye haki, na je, mjukuu ataihesabu kuwa yake kama babu. Hapo ndipo mabishano yalipoingia. Idara ya Misitu iliona mifugo ikiongezeka na miche ikikanyagwa, ikataka haki zile zifasiriwe kwa ufinyu, ziwe za watu wachache na za muda. Wenyeji nao walizifasiri kwa upana, wakasema kwamba anayekubaliwa kuishi na kulisha mahali ni mwenye mahali hapo. Afisa wa misitu hakuwa mwongo aliposema kwamba mlima usio na miti hautunzi maji. Mfugaji naye hakuwa mwongo aliposema kwamba aliyeleta misumeno si yeye. Madai ya ardhi yalifika mbele ya Tume ya Ardhi ya miaka ya 1932 hadi 1934, na katika miaka ya 1950 swali la Lembus lilikuwa moja ya maswali mazito ya siasa za Baringo.

Gavana mwenyewe hakuyaona hayo. Alifariki Nairobi mwezi wa Februari mwaka 1925, angali kazini. Marafiki zake walitaka akumbukwe kwa jengo, na jumba la makumbusho la Nairobi lililofunguliwa mwaka 1930 likapewa jina lake. Baada ya uhuru jina hilo liliondolewa, likawa Jumba la Makumbusho la Taifa. Jiwe halikuweza kulihifadhi jina lake, bali karatasi ya Lembus iliendelea kushikwa na watu ambao pengine hawakumpenda kamwe.

Somo lake halikufa pamoja na ukoloni. Tangu kama mwaka 1910 Serikali ilikuwa na desturi ya kuwaruhusu wafanya kazi kulima chakula kati ya miche ya msituni mpaka miti ikue, nayo ikaitwa kazi ya shamba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 desturi hiyo ilipigwa marufuku, kwa kuwa mahali pengi mkulima alibaki na mche ukatoweka. Baada ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilirudishwa kwa masharti mapya, na vyama vya wananchi wakaao kando ya misitu vikatambuliwa na sheria. Hata Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 69, inaiagiza Serikali kuhakikisha kwamba miti inafunika angalau asilimia 10 ya nchi, na papo hapo inaiagiza kuwashirikisha wananchi katika kuyatunza mazingira.

Tangu mwaka 2013 Kenya ina magavana 47, nao huchaguliwa kwa kura. Timboroa iko pale ambapo Uasin Gishu hupakana na Baringo. Magavana hawa si wenye misitu ya Serikali. Hiyo iko mikononi mwa Shirika la Huduma za Misitu. Lakini kaunti zimekabidhiwa kutekeleza kazi ya kuhifadhi udongo na maji, na neno la gavana aliyechaguliwa lina uzito kwa mkulima wa viazi kuliko la afisa anayehamishwa kila mara. Ni rahisi kwake kupanda mche mmoja mbele ya wapiga picha. Ni vigumu zaidi kukaa na chama cha wananchi na kuandika waziwazi: fulani atalima hapa, kwa miaka kadha, atatunza miche hii, na siku fulani ataondoka na kupewa pengine.

Coryndon aliandika nusu ya maneno hayo, na nusu hiyo ikawalinda watu kwa miaka mingi. Nusu aliyoiacha ikawagombanisha kwa miaka hiyo hiyo. Ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa likatimia hudaiwa hata kwa wajukuu. Gavana wa leo apandaye Timboroa, na ayaulize maji yatokayo huko yanalindwa na nani, na mlinzi huyo ameandikiwa nini.