Kibao cha gitare

Juma lililopita tuliongea juu ya minervali, na wengi mlituambia kama kichwa kiliwauma. Leo tuongee juu ya gitare. Msikunje gazeti, ni habari ya nyumba.

Kwetu tuko na gitare ya umeme. Binti yetu wa miaka 14 anaipiga katika kwaya. Siku tulipokimbilia Beni, ilifungwa nyuma ya pikipiki juu ya godoro, na ilipoteremshwa kibao chake cha mbele kilikuwa kimepasuka. Kibao hicho ni kile cha plastiki kilicho chini ya nyuzi. Kinalinda mti wa gitare usikwaruzwe na mkono wa mpigaji. Tulirudi Mangina, tukabandika skochi, lakini visi zililegea na gitare ikaanza kukatakata sauti katikati ya wimbo.

Baba yake alisema itumwe kwa fundi Beni. Ni kilomita 30 hivi, na njia ile sote tunaijua. Binti akasema: "Mama, ni visi tu. Niache nifungue." Sisi, tunaoambia wasichana darasani kila siku kwamba wanaweza, tulijibu bila kufikiri: "Ile ni kazi ya kaka yako." Usiku neno lile lilitunyima usingizi. Asubuhi tulimpa turnevisi.

Kwanza tulikosea kwa haraka. Tulituma franka Butembo, tukaletewa kibao kipya kizuri. Tulipokilaza juu ya gitare, matundu matatu hayakulingana. Baadaye tulielewa sababu. Gitare yetu imeigwa toka Stratocaster ya kampuni Fender ya Marekani. Ile ya kwanza, ya mwaka 1954, kibao chake kilishikwa na visi 8. Toka mwaka 1959 zikawa 11. Na wanaoiga, kila mtu anatoboa alivyopenda. Kwa hiyo, mama, usitume mtu kununua kwa kusema "kibao cha gitare" tu. Weka kile cha zamani juu ya karatasi, zungusha kalamu, tia alama kila tundu, hesabu visi, kisha utume karatasi ile. Ni kama kumpimia mtoto kiatu kwa kamba: hatutumi jina la mtoto sokoni, tunatuma kipimo.

Franka zile zilipotea. Basi tulimpelekea seremala wa kartiye kibao kilichopasuka, akakikata kingine cha tripleksi nyembamba kwa kukifuata kile. Binti alikipiga msasa, akakipaka vernisi, tukakiacha kikauke siku mbili.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Chomoa gitare kwenye ampli kwanza. Legeza nyuzi zote polepole, kisha uzitoe. Toa visi moja moja, uziweke kwenye kisahani. Usivute kibao kwa nguvu! Katika gitare ya namna hii, mikro zote tatu zinazochukua sauti ya nyuzi, butoni na kile kidude cha kuchagua mikro vimeshikwa kwenye kibao chenyewe. Kuna waya zinazokwenda kwenye tundu la kuchomekea kabuli, na moja ya masi inayokwenda nyuma kwenye springi. Inua kidogo tu, kisha piga foto kwa telefone. Asiye na telefone achore. Halafu hamisha kila kitu toka kibao cha zamani hadi kipya, kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake.

Pale ndipo binti alikata waya ya masi. Tulimwona akitutazama kwanza sisi, halafu waya. Tulikuwa na kelele tayari mdomoni. Tukaimeza. Alikwenda mwenyewe kwa kijana anayetengeneza radio sokoni, akaomba aonyeshwe jinsi ya kuyeyusha risasi na kuunganisha. Kijana alimwachia chuma cha moto, naye akaunganisha kwa mkono wake.

Kabla ya kurudisha visi, jaribu. Chomeka ampli, sauti iwe chini, gonga kila mikro taratibu kwa ncha ya turnevisi. Ikisema "tok", ni nzima. Tundu la visi likiwa limepanuka, tia kijiti cha kiberiti chenye kole, acha kikauke, ndipo ukaze. Kaza kwa vidole tu, upande huu kisha upande ule, bila kumaliza upande mmoja. Ukikaza sana, kibao kinapasuka tena.

Kuna mama mmoja tunayemkumbuka katika mambo haya. Alikuwa anauza mandazi sokoni Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwanawe, aliyezaliwa Sona-Bata mwaka 1938, alijitengenezea gitare ya kopo na nyuzi za waya, akawa anaipiga karibu na meza ya mama yake, wateja wakasogea. Mtoto yule ni Franco Luambo, aliyekuja kuongoza OK Jazz. Mama yule angeweza kumfukuza na kelele zake. Hakumfukuza. Tunajiuliza tu: kama angekuwa msichana, angeachwa?

Siku ya yenga gitare ililia kanisani bila kukatika. Kibao chake ni cha rangi ya kahawia, hakikukaa sawa sana upande wa chini, na binti anakionyesha kila mtu. Baba yake amemletea radio ya nyumba iliyonyamaza toka mwaka jana. Hajasema kitu kingine.

Mama, nyumbani kwako kuna kitu gani kilichofungwa kwa skochi? Radio, taa ya panneau, cherehani? Siku ya posho, tukikutana kwenye kikundi, mlete kitu kimoja, na mlete pia binti. Turnevisi iko kwetu. Karatasi na kalamu mje nazo.