Hedseti nzuri ni ile unayoisahau kichwani

Kwa wafanyabiashara wenzangu wanaovuka mipaka kwa basi na lori, habari ya hedseti ya rubani inaweza kuonekana ni ya watu wenye fedha za kuchezea. Naomba mnivumilie. Wapo kati yetu, nami nimo, waliochoka na siku mbili za barabara na foleni ya mpakani, wakajifunza kurusha ndege ndogo. Wapo wengi zaidi wanaochangishana kukodi ndege ya viti vinne au sita kwenda kukagua mali Mwanza au Juba. Wote hao wanategemea jambo moja: rubani asikie sawasawa anachoambiwa na mnara wa kuongozea ndege.

Msimamo wangu ni huu. Rubani binafsi anayesafiri safari ndefu, hasa anayevaa miwani, anunue hedseti nyepesi ya kuingiza sikioni, na aichague kwa sikio lake, si kwa jina lililoandikwa juu yake.

Nimefika hapo kwa kuumia. Nilipopata leseni nilinunua hedseti kubwa, yenye vikombe viwili vya kufunika masikio na uzito wa karibu nusu kilo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nusu saa ya kwanza nilijiona rubani kamili. Baada ya saa moja, vikombe vilibana mikono ya miwani kwenye mfupa wa kichwa, jasho likaanza kutiririka, na kelele za injini zikapenya pale miwani ilipoacha upenyo.

Siku moja nikitoka Wilson, Nairobi, kwenda Mwanza, zaidi ya saa mbili angani, nilishindwa kuvumilia. Nikasogeza kikombe kimoja nyuma ya sikio ili nipumue. Wakati huohuo mnara ukanipa kimo cha kushukia: futi 5,500. Mimi nikarudia futi 5,000. Mwongozaji alinisahihisha papo hapo, kwa sababu sheria ya redio inamtaka rubani arudie alichoambiwa. Bila kurudia, ningeshuka futi 500 chini ya nilipotakiwa, penye njia ya mwenzangu labda. Kosa lilikuwa langu, lakini lilianzia kwenye maumivu ya kichwa.

Kelele zenyewe si jambo dogo. Ndani ya ndege ndogo ya injini ya pistoni hufika desibeli 90 na kupita. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae zaidi ya saa 8 kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo ugawanywe nusu. Kwenye desibeli 94 inabaki saa moja tu. Usikivu ukiharibiwa na kelele haurudi, na rubani hupimwa masikio kabla ya kupewa cheti cha afya.

Hedseti ya kuingiza sikioni huzuia kelele kwa kisponji laini kinachojaza tundu la sikio. Kuna aina ambazo hazifiki gramu 60 kichwani, hazihitaji betri, wala hazigusi mikono ya miwani. Zile kubwa za kufuta kelele kwa umeme, ambazo Bose ilianza kuwauzia marubani mwaka 1989, ni nzuri kweli, lakini mpya mara nyingi huzidi dola 1,000, na betri ikiisha unapoteza sehemu kubwa ya ulichokilipia.

Wapo wanaopinga, na wana hoja. Chombo cha kuingia sikioni hakifai kuazimana, kwa hiyo shule za urubani zina haki kubaki na vikombe vikubwa. Mwenye mafua au kidonda cha sikio asikitumie. Wakati wa kushuka, kwa mfano kutoka Wilson iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari hadi Zanzibar, sikio lililozibwa linaweza kuuma. Meza mate, na ikibidi legeza kisponji kidogo. Ndiyo maana hedseti yangu ya zamani bado iko kiti cha nyuma kama akiba.

Kuhusu kununua, hapa nazungumza na ninyi kama wachuuzi. Ya kwanza niliyoagiza kupitia wakala wa Dubai ilikuja na plagi moja, ya helikopta. Ndege ndogo nyingi hutumia plagi mbili, moja nene kuliko nyingine. Nilipoteza wiki tatu kuibadilisha. Tangu hapo namtumia wakala picha ya matundu ya ndege yenyewe kabla ya kulipa.

Pili, usinunue kabla ya kuivaa. Kisponji huja saizi mbalimbali na masikio ya mtu mmoja huweza kutofautiana. Kiviringishe kwa vidole, vuta sikio juu, kiingize, kisha kishikilie kama nusu dakika kivimbe. Sauti yako ikisikika nzito kichwani, kimekaa. Maiki iwe karibu kugusa mdomo. Kaa nayo saa nzima, si dakika tano za dukani.

Tatu, hesabu visponji. Hukakamaa na kuchafuka, lazima vibadilishwe, na duka la karibu huenda lisiwe navyo. Mimi huagiza vya mwaka mzima. Mwenye duka la vipuri karibu na kiwanja cha ndege aone biashara hapo.

Nne, beba risiti. Mimi niliulizwa forodhani kama hedseti mbili ni za kuuza. Na anayeagiza za kuuza asidanganyike: cheti rahisi cha uasili tunachotumia kwa mzigo usiozidi dola 2,000 ni cha bidhaa za ndani ya Jumuiya. Hedseti iliyotengenezwa Marekani haiingii humo hata ukiivusha kutoka Kampala.

Ombi langu kwa klabu za urubani za ukanda huu ni dogo: wekeni hedseti mbili tatu za majaribio, na visponji vipya kwa kila mtu, ili mwanachama ajaribu kabla ya kutoa dola zake. Na wewe unayekodi ndege na wenzako, kabla ya kupanda muulize rubani kama hedseti yake inamkaa vizuri. Tunakagua kamba za lori kabla ya kuondoka Busia au Namanga. Masikio ya rubani nayo yakaguliwe.