Wati elfu kumi za nini sebuleni?

Haya, leo tuache kodi kidogo tuzungumze juu ya sauti. Mwaka huu nimeulizwa swali moja na watu wanne tofauti, nalo huwa hivi: "Nimenunua runinga mpya ya inchi 50, picha ni safi ajabu, lakini maneno hayasikiki vizuri. Ninunue wufa gani?" Wananiuliza mimi kwa sababu ni mwandishi wa programu, na hapa Kenya mtu akijua kompyuta hudhaniwa anajua kila kitu chenye waya, kuanzia printa hadi jokofu. Jibu langu limekuwa lile lile kwa wote wanne, na halipendwi: usinunue wufa. Nunua spika.

Runinga za zamani zenye kisogo zilikuwa nzito kama gunia la mahindi, lakini zilikuwa na kitu kimoja ambacho hizi bapa hazina, yaani nafasi. Ndani ya kasha lile spika ilikaa vizuri, ikatazama mbele, ikakusemesha usoni. Runinga bapa haina kifua. Spika zake ni ndogo na nyembamba, na mara nyingi zimetazama chini au nyuma, kwa hivyo sauti unayoisikia imekwisha kugonga meza au ukuta kabla ya kukufikia. Siwalaumu sana wenye viwanda. Mteja akiingia dukani hutazama picha na wembamba. Sijaona hata mmoja akiinama kusikiliza.

Sasa kinachopotea hapo ni maneno. Sauti ya mtu anayeongea ina sehemu mbili. Kuna vokali, ambazo zina nguvu nyingi na hukaa chini. Halafu kuna konsonanti kama s, f, t na sh, ambazo ni hafifu na hukaa juu, kuanzia kama hezi 2,000 kwenda mbele. Vokali hukufanya usikie kwamba mtu anaongea. Konsonanti hukufanya ujue amesema nini. Ziondoe hizo na "saba" haina tofauti na "shaba", wala "kufa" na "kupa". Tena sikio la binadamu likizeeka hupoteza sauti za juu kwanza. Baba yangu amestaafu, na taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja jioni haimpiti hata siku moja. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiongeza sauti hadi Mama anahamia jikoni, na bado anauliza, "Amesema ni nani amefutwa?" Mzee alikuwa ameanza kusema kwamba habari za siku hizi hazina maana, afadhali alale mapema. Ukimsikia mtu aliyefuata siasa tangu enzi za Mzee Kenyatta akisema hivyo, ujue jambo si dogo. Ndugu zangu wakawaza kumchangia wufa kubwa. Lakini wufa ingemwongezea ngurumo, kitu ambacho hakupungukiwa nacho, na ngurumo ikizidi hufunika zile konsonanti chache zilizokuwa zimebaki.

Tuje kwenye wati, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Tembea Luthuli Avenue pale Nairobi, mtaa uliojulikana kwa miaka mingi kwa wauza redio na spika, uone masanduku yalivyoandikwa. Wati 10,000 PMPO. Wati 15,000 PMPO. Kazi yetu imetufundisha kutoamini takwimu yoyote inayotoka nje kabla ya kuikagua, basi tuikague hii. Soketi ya ukutani kwetu hutoa volti 240, na plagi ya miguu mitatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha: unapata 3,120. Hizo ndizo wati zote ambazo plagi nzima imeundwa kubeba, na zinatosha kuchemshia birika la chai ya ukoo mzima. Sasa geuza kasha utazame kibandiko cha nyuma, kile ambacho muuzaji hakuonyeshi. Mara nyingi utakuta wati 60, au 80. Kama kifaa kinakula wati 60 kutoka ukutani, zile nyingine 9,940 zimetoka wapi? Mbinguni?

PMPO haina kipimo chochote kilichokubaliwa. Kila mtengenezaji huhesabu atakavyo, kisha anaongeza sufuri. Namba ya kutafuta ni ile ya RMS, ambayo walau inajaribu kusema ni nguvu gani kifaa kinaweza kuitoa mfululizo. Na hata hiyo usiiabudu. Spika ya kawaida ya nyumbani ukiipa wati 1 tu hutoa takriban desibeli 85 hadi 88 ukiwa umekaa mita 1 mbele yake. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3, ambazo sikio huzitambua kwa shida. Ili uhisi sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati kama mara 10. Kwa hivyo mzee akisikiliza habari sebuleni anatumia pengine chini ya wati 1. Tunabishana juu ya elfu kumi kwa kazi ya wati moja!

Ununue nini basi? Mimi ningeanza na spika mbili za rafuni, kila moja na kasha lake la mbao, zenye kikuza sauti ndani yake. Unachomeka ukutani, unaunganisha na runinga, umemaliza. Ukiwa na subira na jicho zuri, tafuta za mitumba zilizotoka Ulaya pamoja na amplifaya ya zamani ya stirio. Spika nzuri ya miaka 20 iliyopita bado ni nzuri, mradi ule mpira unaozunguka koni haujaoza. Uguse kwa kidole kabla hujatoa pesa. Ukimomonyoka, rudisha rafuni. Soma pia nyuma ya spika imeandikwa omu ngapi. Zile zilizotoka kwenye seti za sinema za nyumbani aghalabu ni omu 3 au 4, na amplifaya iliyotengenezewa omu 6 hadi 8 itachemka ukizifunga nazo. Saundiba ni sawa kwa mtu asiye na nafasi, na nyingine ni nzuri kweli, lakini usilipie ile sanduku kubwa la wufa linalokuja nayo ukidhani ndilo litakalokuletea maneno.

Kuhusu waya za spika sina mengi. Waya wa kawaida wa shaba wa milimita mraba 1.5 kutoka duka la vifaa vya ujenzi unatosha sebule yoyote ya kawaida, na anayekuuzia waya wa dhahabu amekuona. Jambo moja tu: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, koni moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na sauti ya mtangazaji inakuwa kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Kama rangi za waya zimefutika, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye spika kwa sekunde moja. Koni ikitoka nje, basi upande uliogusa chanya ndio chanya.

Kuunganisha na runinga ndiko kunakowachosha wengi. Kosa la kwanza ninaloliona nyumba nyingi ni kuchukua sauti kutoka kwenye king'amuzi moja kwa moja kwenda kwa spika. Inafanya kazi, mpaka siku mtoto anapofungua YouTube ndani ya runinga yenyewe na spika zinakaa kimya. Kila kitu kiingie kwenye runinga kwanza, halafu sauti itoke kwenye runinga. Mlango mmoja wa kutokea.

Milango yenyewe iko ya aina tatu. Yale matundu mekundu na meupe nyuma ya runinga mpya kwa kawaida ni ya kuingiza, hayatoi kitu, hata uchomeke mara ngapi. Kama runinga yako ina tundu la hedfoni, umebahatika: waya mmoja wa kawaida, na rimoti ya runinga inaongeza na kupunguza sauti kama kawaida. Ukisikia mngurumo mwembamba usiokoma, mara nyingi ni umeme unaozunguka kupitia kebo ya dishi au ya antena, na dawa yake ni tundu la pili, la mwanga.

Tundu la mwanga hupeleka sauti kwa uzi wa plastiki badala ya shaba, kwa hivyo mngurumo huo hauna pa kupita. Teknolojia yenyewe ni ya Toshiba, tangu 1983, na bado inadunda. Spika zako zikiwa za zamani utahitaji kijisanduku cha kugeuza dijitali kuwa sauti ya kawaida. Hapo watu wengi hukwama: wameunganisha kila kitu, taa nyekundu inawaka kwenye uzi, na spika ziko kimya au zinatoa mchakacho. Kijisanduku hakijaharibika. Runinga inatuma Dolby, nacho hakijui Dolby. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, pale pa sauti ya dijitali, uchague PCM. Ubaya wa njia hii ni kwamba kwa runinga nyingi rimoti haitapunguza sauti tena. Itabidi uinuke, au uongeze rimoti ya pili.

Tundu la tatu ni HDMI lenye maandishi ARC, lililokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Aghalabu ni moja tu kati ya matundu ya runinga, basi soma maandishi kabla ya kuchomeka. Kwa ARC kufanya kazi, sharti uwashe pia ule utaratibu wa vifaa kuamrishana, ambao kila kampuni imeubatiza jina lake: Samsung wanauita Anynet+, LG wanauita Simplink, Sony wanauita Bravia Sync. Ukiwashwa, rimoti moja inawasha vyote na kuzima vyote.

Na kwangu mimi hilo la rimoti moja si anasa. Katika kazi yangu tunasema programu ambayo mtumiaji hawezi kuitumia bila kumpigia simu mwandishi wake haijakamilika. Mtambo wa sauti ambao Mzee hawezi kuuwasha mwenyewe hadi mjukuu atoke shuleni ni mtambo mbovu, hata ukilia kama malaika. Ndiyo sababu kwa Baba nilitumia tundu la hedfoni na spika mbili ndogo za mtumba, wala si njia ya kisasa zaidi. Anabonyeza kitufe alichokizoea. Mama amerudi sebuleni.

Bluetooth? Kwa muziki, sawa. Kwa runinga mara nyingi inachelewesha sauti, pengine milisekunde 150 au zaidi, na mdomo wa mtangazaji unafunga kabla neno halijafika. Muungano wa watangazaji wa Ulaya, EBU, unapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 60 nyuma ya picha. Runinga nyingine zinaweza kurekebisha, nyingine hazina uwezo. (Kwa wale waliolalamika Agosti 2025, CHAN ilipochezwa hapa kwetu, Tanzania na Uganda, kwamba jirani alishangilia bao kabla yao: hilo si kosa la spika. Aliyetazama kwa intaneti alikuwa nyuma ya aliyetazama kwa antena, basi.)

Sijasahau majirani. Wengi wetu tunaishi kwenye fleti ambapo ukuta wangu ndio ukuta wako. Wimbi la sauti ya hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8; ukuta wa matofali hauliogopi. Sauti za juu, zile za konsonanti, hukwama ukutani. Kwa maneno mengine, spika nzuri isiyo na wufa inampa mwenye nyumba anachokitaka na kumwachia jirani usingizi wake, ilhali wufa hufanya kinyume chake kabisa. Kuna kanuni za kelele chini ya sheria ya mazingira, lakini nani anataka kufikishana huko na mtu mnayechota maji kwenye tangi moja?

Ukishanunua, weka spika kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, umbali baina yake ulingane takriban na umbali wako hadi kwazo, na zisizamishwe ndani ya kabati. Vile vitambaa vya kufuma vya Mama viache, matundu yake ni makubwa na sauti inapita. Kitambaa kizito ndicho cha kuondoa.

Na kabla ya kununua, rekodi dakika mbili za taarifa ya habari, uweke kwenye flashi, uende nayo dukani. Muuzaji atataka kukupigia muziki wenye besi ya kutikisa vioo. Mwambie asante, halafu mpe flashi yako. Simama mita tatu, sauti iwe ya kadiri, ufumbe macho. Kama ina wufa, mwombe aizime ili usikie spika zenyewe. Akikataa, toka polepole. Luthuli duka la pili liko mlango unaofuata.