Mazungumzo ya Nyumbani: Udongo Uliolowa

Mvua zikianza mwezi wa Novemba, kila nyumba hapa Kahama huwa na majembe shambani, na nyumba nyingi huwa pia na kijana machimboni. Habari za huyo wa machimboni ndizo nataka tuzungumze leo.

Katika nchi za theluji, kama Uswisi, msafiri wa milimani hufundishwa kuichunguza theluji kabla ya kuikanyaga. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka; moja la chini likiwa dhaifu, uzito wa mtu mmoja waweza kuyaporomosha yote ya juu. Sisi huku hatuna theluji, lakini udongo wetu nao una hila zake. Maji ya mvua hupenya katika nyufa, huuongezea udongo uzito, na papo hapo huulegeza pale uliposhikamana. Udongo wa kujaza sanduku la meta moja kila upande wafika tani moja na nusu hivi, na ukilowa huzidi. Mtu aliyefukiwa hadi shingoni, kichwa kikiwa nje, aweza kufa, maana kifua hakipati nafasi ya kupanuka.

Mwakumbuka habari za Nyangarata, wilayani Kahama. Mwezi wa Oktoba 2015 duara liliporomoka, wachimbaji sita wakabaki chini. Mmoja alifia humo. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, nao walikuwa wamekula mizizi, vyura na wadudu. Tulimshukuru Mungu, na ndivyo ilivyotupasa. Lakini naona vijana wengine wanaitaja habari ile kana kwamba ni ahadi! Wajue pia ya Ng'alita, mkoani Simiyu, Januari 2024: wachimbaji walikuwa wamekatazwa kuingia kwa sababu ya mvua nyingi, wakaingia, na maiti 22 zikatolewa.

Basi mama, mwanao akirudi nyumbani Jumapili, usimwulize kwanza amepata kiasi gani. Mwulize matimba ya duara lao yalibadilishwa lini. Mwulize kifusi wanakirundika wapi, kwa kuwa kikiwa ukingoni kabisa chalikandamiza shimo. Mwulize kama juu kuna nyufa mpya, na kama chini vijiwe vinadondoka dondoka. Na timba likianza kulia, mwambie aache sururu palepale, apande. Sururu hununuliwa.

Ninyi msio na mtu machimboni, tazameni mashimo yenu ya mchanga na ya udongo wa matofali. Watu huchimba kwa chini, wakiingia ndani kama panya, na juu panabaki dari lisilo na nguzo. Watoto nao hupenda kucheza humo kwa sababu pana kivuli.

Ajali ikitokea, kijiji kizima hukimbilia ukingoni, na uzito wao wenyewe huweza kuangusha udongo mwingine juu ya walio chini. Wachache waliozoea kazi wakaribie, wengine wakae mbali na kunyamaza, ili sauti ya aliye hai isikike. Na juu ya kila duara liwepo daftari la majina ya walioshuka siku hiyo. Pasipo daftari, watu hubishana saa nzima kama waliofukiwa ni wanne au sita.