Goma: mbwa anauma usiku, chanjo iko wapi?

Katika kartie nyingi za Goma, kuanzia Ndosho mpaka Majengo, mbwa ni mlinzi wa parseli. Mchana anafungwa, usiku anafunguliwa. Kwa ajili ya wezi, hata watu wenye hawapendi mbwa wanafuga mmoja. Anapewa mabaki ya bugali, pengine anaogeshwa na kutolewa kupe. Chanjo ndiyo yenye inasahauliwa.

Na kupe si hatari kubwa. Hatari ni kichaa cha mbwa, chenye wengine wanaita raje. Kila mwaka kinaua watu karibu 59.000 duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliumwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna dawa. Tena zinaweza kuchelewa miezi miwili ao mitatu, wakati familia imeshasahau lile jino.

Si kila mbwa mgonjwa anakuwa mkali. Wengine wanapoa, taya inalegea, mate yanatiririka, na mwenye mbwa anaingiza mkono kinywani akifikiri kuna mfupa umekwama. Hapo ndipo anajiambukiza.

Mtu akiumwa, kidonda kinaoshwa kwa maji mengi na sabuni dakika 15, mara moja, kisha sentri ya afya. Wengine wanabandika kwanza jiwe nyeusi, lile la nyoka. Jiwe halitoi virusi, linapoteza saa tu. Lakini dakika 15 za maji, katika mji wenye watu wanapanga foleni na bidoni za njano huku ziwa liko karibu, si kitu kidogo.

Sindano nazo ni zaidi ya moja, siku mbalimbali, na zinatunzwa kwenye baridi ya digri 2 mpaka 8. Tangu mji uingie mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Kila dawa yenye kuhitaji frigo ikawa na safari ndefu zaidi, na familia ikawa na pesa kidogo zaidi za kuilipia.

Kwa hiyo bei nafuu iko kwa mbwa mwenyewe. Kumchanja yeye ni rahisi sana kuliko kutafutia mtoto sindano zote. Kisiwa cha Pemba, huko Zanzibar, kilimaliza ugonjwa huu kwa kuchanja mbwa. Mwaka 2016 ukarudi, wakachanja tena, ukaisha. Kinachotakiwa ni kufikia mbwa 70 kwa kila 100, tena kurudia, maana watoto wa mbwa wanazaliwa kila mara. Kuwaua mbwa wa barabarani, jambo lenye wakubwa wanapenda kutangaza, hakujamaliza ugonjwa mahali popote: wengine wanakuja kujaza nafasi.

Shida ya Goma ni kwamba Gisenyi iko ngʼambo ya barabara tu, na mbwa hapiti kwenye barieri akionyesha jeto. Kampeni ya upande mmoja inaacha nusu ya kazi. Wakati huo wenye kuumwa zaidi ni watoto: karibu 40 kwa 100 ya wenye kuumwa na mbwa wa kushukiwa wako chini ya miaka 15, na wengi hawasemi nyumbani, wanaogopa kugombezwa.