TAHARIRI: MOSHI WA JIKONI UNACHOSHA WALINZI WA KIFUA

Ndugu wanaushirika wa Bujora,

Tumezoea kusema moshi ni kawaida ya jiko. Mama anapika huku anafuta machozi, mtoto mgongoni anakohoa, baba yuko nje na wenzake anangoja ugali. Sisi tunasema mazoea haya yanatuumiza.

Kuni, miti ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe tunayochoma hutoa masizi laini sana. Punje zake ni ndogo hivi kwamba unene wa unywele mmoja unazidi punje 20 zikipangwa. Pua haizizuii. Zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Huko wapo walinzi, yaani chembechembe nyeupe. Wafananisheni na sungusungu wetu. Kazi yao ni kumkamata mdudu wa ugonjwa na kummeza. Masizi nayo wanayameza, lakini hayasagiki. Basi wanapiga mwano, na wenzao wanakuja mbio kutoka kwenye damu. Vita hiyo inaumiza nyumba yenyewe: njia za hewa zinavimba na kujaa makohozi. Mwano ukipigwa kila siku, asubuhi na jioni, uvimbe haupoi, na walinzi walioshiba masizi wanalegea. Hapo mwizi wa kweli, mdudu wa nimonia, anapita bila kukamatwa.

Hii si hadithi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka 5.

Mwaka 2024 Serikali ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni vyema. Lakini gesi ni ghali kwa wengi wetu, na kifua cha mtoto hakingoji 2034. Tuanze na tulicho nacho. Kuni zikaushwe. Jiko liwe na madirisha mawili yanayotazamana. Tujenge majiko banifu ya udongo yenye bomba la kutolea moshi. Mtoto akae mbali na moto. Haya hayamalizi moshi, ila yanaupunguza.

Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, vijiji vya Tanzania vilichimba vyoo kwa nguvu zao wenyewe. Akina baba, udongo upo na majembe mnayo. Tunaomba mkutano ujao wa chama upange siku ya kazi.

Jiko si la mama peke yake!